Keki za Mwezi na Posa ya Masuguru

Bata ndio walionijulisha kwa Wachina. Hapa Mazingara mtu akifuga bata watu humwonea huruma kidogo, kwa sababu mayai yake hayana mnunuzi. Yai la kuku linaliwa, linauzwa, linapelekewa mgonjwa. Yai la bata unalitazama. Niliyatazama hivyo kwa miaka mingi, mpaka Wachina wa kuchimba visima walipoweka kambi yao karibu na shamba langu la michungwa. Siku moja mpishi wao, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, alisimama uani kwangu, akawanyooshea bata kidole na kusema, "Mzee, mayai ya hawa nanunua yote."

Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata akaja na ndoo, na wiki iliyofuata tena. Tukazoeana. Alikuwa amekaa nchini muda mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na sokoni: kifupi, lakini kinafika. Sikuwahi kumuuliza mayai yote yale anayafanyia nini. Mtu anayenunua kitu usichoweza kukiuza, unamwacha na siri zake.

Wakati huo nilikuwa na jambo langu. Mke wangu alifariki, watoto wako Tanga na Dar es Salaam, na mimi nilibaki na nyumba ambayo jioni unasikia panya akitafuna. Kisha binamu yangu aliugua, akalazwa Korogwe, nikaenda kumjulia hali. Asubuhi yake, kabla ya saa za kuona wagonjwa, nikanywa chai barazani kwa mama mmoja mjane pale mtaa wa Masuguru. Alikuwa anapika vitumbua. Nilikula vitatu, akaniuliza, "Mzee, hivyo vingine unampelekea mgonjwa au unavihurumia?" Nikala na hivyo vingine.

Binamu yangu alipona. Alirudi nyumbani, akashika jembe, akalima. Mimi niliendelea kwenda Korogwe kumjulia hali. Yeye mwenyewe aliponiona stendi ya Handeni siku moja, aliniuliza ninakwenda wapi, nikamjibu bila kufikiri kwamba ninakwenda kumwona hospitali. Alinitazama sana. Basi hapo nikajua kwamba mambo yamefika mahali pa kupeleka posa.

Kwetu mtu haendi kujisemea mwenyewe. Anakwenda mshenga. Wa kwangu alikuwa jirani yangu, fundi cherehani mstaafu, mtu ambaye ameozesha nusu ya vijana wa kata hii kwa ulimi wake tu. Shida ya ulimi wake ni kwamba hauna breki. Kijana aliyekuwa na mbuzi wawili, yeye alimwita mfugaji. Nikaogopa atakwenda Masuguru kusema mimi nina visima, kwa kuwa naishi karibu na wachimba visima. Nikamwambia nitafuatana naye.

"Ndugu yangu, hilo halijawahi kutokea," alisema. "Mwenye posa anabaki nyumbani, anaumwa tumbo kwa wasiwasi. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Nitakwenda."

"Basi utakaa kama furushi. Ukifungua mdomo umeharibu."

Nilikubali kuwa furushi. Laiti ningelikuwa furushi kweli.

Jioni ya kuamkia safari, mpishi wa Wachina alikuja bila ndoo. Alibeba boksi jekundu lenye maua ya dhahabu, na juu yake picha ya mwanamke anayepaa kwenda mwezini, na sungura amekaa anamsubiri. Akaniambia ile ilikuwa sikukuu yao. Huko kwao, usiku huo, watu wanatoa viti nje, ndugu wanakusanyika, wanautazama mwezi na kula keki hizi. Yeye ndugu zake wako mbali, kwa hiyo alikuwa anawagawia majirani.

Nilimuuliza mwezi gani, maana mimi mambo ya mwezi nayajua. Akanionyesha juu. Ulikuwa umejaa, mnene kama sinia. Nikafikiri jinsi sisi tunavyoutafuta mwezi ukiwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, tunapanda juu ya vichuguu, mmoja anasema ameuona, mwingine anasema huyo hata miwani hana, na msikiti unagawanyika vipande viwili. Wenzetu wanasubiri mpaka unenepe, kila mtu anauona hata akiwa amelala chali, ubishi hakuna. Nikawasifu moyoni.

Kisha nikamuuliza lile ambalo Mwislamu lazima aulize. Nilitafuta njia ya kulizungusha, nikaikosa. "Humu hamna mafuta ya nguruwe?"

Hakukasirika hata kidogo. "Mzee, vijana wangu wa kazi nusu Waislamu. Nikiweka nguruwe, nani atakula? Nitakula peke yangu, nitakufa." Akanichukua mpaka jikoni kwake akanionyesha dumu la mafuta ya karanga, na kibao cha mti kilichochongwa maua ambacho anagandamizia unga. Keki alikuwa amezipika mwenyewe. Boksi tu ndilo lilikuwa la mwaka uliopita, kutoka kwao.

Nilirudi nyumbani nikaliweka boksi juu ya meza, nikalitazama. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho ndani ya nyumba. Mfuko wa posa ulikuwa tayari: kitenge, sukari, majani ya chai, khanga mbili. Vitu ambavyo kila mtu anapeleka. Nikaona Mungu ameniletea kitu ambacho hakuna mwanamume wa Handeni amewahi kumpelekea mwanamke wa Korogwe.

Asubuhi mshenga aliponiona na boksi alifurahi mpaka akalishika kwa mikono miwili. "Sungura huyu anafanya nini mwezini?"

"Sijui."

"Mjanja. Hata huko amefika."

Sasa, kuna jambo lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililotuponza. Watu wanaokwenda posa hawali kabla. Unapelekewa sinia la chakula, na usipolimaliza, wenyeji wanasema umedharau mkono wa binti yao. Mshenga wangu alikuwa mkali sana kwa sheria hii. Tuliondoka Mazingara hatujaonja hata chai. Alisema ameshaona posa nzuri ikivunjika kwa sababu ya mzee mmoja aliyekula mihogo njiani.

Tulifika Handeni mjini mapema tu. Kosta ya Korogwe ilikuwepo, dereva yuko ndani, injini inanguruma, na kondakta anapiga mayowe kwamba wanaondoka sasa hivi. Tukapanda. Wakazima injini. Walikuwa wanasubiri abiria wa kujaza viti, na abiria siku hiyo hawakuwa na haja na Korogwe. Jua likapanda. Kando ya dirisha letu mama mmoja akaanza kukaanga mihogo.

Mshenga alivumilia muda mrefu, nampa haki yake. Kisha akasema, akiangalia mbele kama mtu anayeongea na dereva, "Unajua, ndugu yangu, mtu hawezi kusifu kitu asichokijua."

"Una maana gani?"

"Wataniuliza, hizi keki zina ladha gani? Nitasemaje? Mshenga gani anasifu asichokionja?"

"Umeshasifu watu usiowajua maisha yako yote."

"Watu sawa. Chakula ni amana."

Na mimi nilikuwa na njaa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye, mbele za watu, nilijaribu kumtwika yeye peke yake. Aliyefungua boksi ni mimi.

Ndani kulikuwa na keki nane, kila moja kwenye chumba chake cha karatasi ngumu. Za mviringo, rangi ya hudhurungi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nywele, na juu maua yamegandamizwa vizuri kabisa. Tukakubaliana kuonja moja, kila mtu nusu. Mshenga akatoa mkasi wake wa kazi, ambao hatembei bila huo hata baada ya kustaafu, akaikata.

Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ndani kulikuwa na kitu laini cha njano. Nikatafuna. Nikatafuna tena. Ladha niliijua, lakini sikujua niliijulia wapi. Mshenga ndiye aliyegundua, akafumba macho kwa huzuni.

"Choroko," alisema. "Bwana, hizi ni choroko. Wameweka sukari kwenye choroko."

Msomaji wa kwetu atanielewa. Choroko unazikuta kwenye sahani pembeni ya ugali, zina nazi, zina chumvi, zina adabu yake. Kuzikuta ndani ya keki, tamu, ni kama kumkuta imamu amevaa kaptura. Si haramu, lakini unageuza uso. Nilimeza. Mshenga naye alimeza, akasema labda hiyo ilikosewa, tujaribu nyingine ili tusimdhulumu mpishi.

Ya pili ilikuwa na ufuta na karanga. Ilikuwa nzuri mno. Tuliimaliza mpaka makombo, na hapo ndipo kosa lilipoota mizizi, kwa sababu sasa tulikuwa tunatafuta nyingine kama ile. Nje zote zilifanana. Tukakata ya tatu.

Katikati ya ya tatu kulikuwa na jicho. Sijui niseme vipi vingine. Mduara wa rangi ya chungwa, umekaa pale katikati, unatutazama. Mshenga aliirudisha kwenye karatasi haraka.

"Hii ina kitu."

"Ni yai," nilisema. "Kiini cha yai."

"Yai linafanya nini ndani ya keki? Limeingiaje zima?"

Nililikata kipande nikaonja. Chumvi! Chumvi ya kutosha kukausha samaki. Na juu ya chumvi, sukari. Ulimi wangu haukujua ukimbilie wapi. Lakini nilipokuwa napambana nalo, niliitambua ile rangi. Kiini cha kuku wetu ni cha njano. Kiini chenye rangi ya chungwa lililoiva nakijua mimi, nimekitazama miaka mingi.

"Hili ni yai la bata wangu," nikasema.

Mshenga akanigeukia. "Kwa hiyo unamla mjukuu wako."

Alicheka mpaka kondakta akaja kuuliza kama tumelipa nauli. Mimi nilifurahi kwa namna nyingine. Mayai yangu, ambayo hayakuwa na thamani kijijini, kumbe yalikuwa yanalazwa kwenye maji ya chumvi, yanavikwa nguo ya choroko, yanakuwa mwezi. Kwa furaha hiyo nikala kipande changu chote. Tukakata ya nne kutafuta ufuta, tukapata yai. Kosta iliondoka.

Barabara ile ya lami ni nzuri, na upepo wa dirishani ulinirudishia akili. Kabla hatujafika kwenye mashamba ya mkonge nilifungua boksi tena. Vyumba vinne vilikuwa vitupu. Nilimwonyesha mshenga. Akalifunga boksi polepole, kama anayemfunika maiti.

"Posa yenye mapengo," alisema. "Hiyo sijawahi kupeleka."

Tungeweza kuliacha boksi lile kwenye kosta, tukaenda na kitenge na sukari kama watu wote. Tungeweza kulipeleka na mapengo yake. Njia hizo mbili zilikuwepo, ziko wazi, na leo nikikaa nikizifikiria nashangaa wazee wawili wazima hawakuziona. Tulipoteremka stendi ya Korogwe, macho ya mshenga yalikuwa juu ya binti mmoja aliyebeba ndoo ya plastiki yenye kashata za karanga.

"Nunua nne," aliniambia.

"Kashata ni za pembe nne."

Akagonga mfuko wa koti lake. Mkasi.

Tulijificha nyuma ya kibanda cha vocha. Mshenga alizipunguza pembe zile kashata kwa ufundi ambao sitausahau, akizizungusha kama anakata kola ya shati. Vipande vilivyoanguka alivila. Kisha akazishika mbali, akakunja uso. Hazikuwa na maua. Akainama, akaokota kizibo cha soda, akakipangusa kwenye suruali, akagandamiza juu ya kila moja mara kadhaa, duara ndani ya duara. Alipomaliza nakiri kwamba zilipendeza. Nilimwambia hivyo. "Kushona si nguo tu," akasema, akafunga boksi.

Nyumba ya yule mama iko Masuguru ndani, ina baraza la saruji na mpapai mmoja. Aliyetupokea ni kaka yake mkubwa, aliyeshuka kutoka Bungu siku hiyo kwa ajili yetu. Alikuwa Mshambaa mrefu, na kwa kuwa huko milimani aliondoka kwenye ukungu, alivaa sweta nene la sufu. Korogwe joto lilikuwa linapasua bati, yeye anatoka jasho mpaka kwenye ndevu, lakini sweta hakuvua. Nadhani aliona ndiyo heshima ya mwenye kuozesha.

Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za mvua, mahindi, maharage, wagonjwa. Kisha mshenga akajikohoza.

"Tumekuja kwa jambo la moshi," alisema. "Mwenzangu huyu nyumba yake haina moshi. Tumeulizia njiani, tukaambiwa Masuguru kuna jiko."

"Jiko lipo," alijibu kaka. "Lakini nauliza, mwenye kutaka jiko naye mbona amekuja? Nyinyi Wazigua mnaposa kama mnanunua mbuzi? Lazima mnunuzi aje amfungue mdomo ahesabu meno?"

"Huyu amekuja kama furushi," alisema mshenga. "Msimjali."

"Furushi lenyewe limetoa macho." Walicheka. Nami nikacheka, kwa kiasi cha furushi. Kaka yule akanipiga begani. "Usiogope, shemeji. Huku tunawapokea hata wa nyanda za jua."

Aliniita shemeji. Kabla hata ya chakula. Moyo wangu ulikaa vizuri kifuani kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Chakula kililetwa, wali wa nazi na kuku, na mama mwenyewe alikiweka mbele yetu akasema karibuni bila kuniangalia, ila nilimwona anatabasamu upande ule wa pembeni. Sisi, tuliotakiwa kufika na njaa, tulikuwa na choroko na mayai mawili ya chumvi tumboni. Tulikula kwa ushujaa. Mshenga alijaza mdomo, akanitazama juu ya sinia kwa macho ya mtu anayezama. Lakini tulilimaliza.

Ndipo mfuko ukatolewa. Kitenge kikasifiwa, sukari ikapokelewa. Mwisho mshenga akainua boksi jekundu, na pale barazani shingo zote zikanyooka. Alilihutubia. Alisema lile boksi limetoka China, kwamba huko watu wanautazama mwezi mpevu na kula vitu hivi na ndugu zao, na kwamba mwenzake, yaani mimi, kwa heshima aliyonayo kwa nyumba hii, hakuthubutu hata kulifungua.

Kaka akachukua ya kwanza. Ilikuwa ya yai. Nilimwona anavyofika kwenye kiini. Jasho liliongezeka, machozi yakamlenga, lakini alikuwa mtu wa malezi. Alimeza yote, akanywa maji, akasema, "Zina... zina nguvu." Kisha, pengine kwa kutafuta kitu cha kufuta ile ya kwanza, mkono wake ukaenda kwenye kashata. Akatafuna, uso ukafunguka.

"Hapa sasa! Hapa Wachina wamefika! Dada, njoo uonje hii."

Yule mama alikuwa anakusanya vyombo. Alikuja, akapokea kipande, akakigeuza. Akaangalia ile miduara. Akanusa. Akauma kidogo, akatafuna polepole sana, macho yako juu ya mpapai.

"Na hii ni ya China?" aliuliza.

Alimuuliza mshenga. Mshenga akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakikutoka kitu. Nafikiri alikuwa karibu kusema kweli. Mimi, furushi, nikaingia.

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo wanayoithamini kuliko zote."

"Wanaitengenezaje?"

"Wanakaanga karanga. Wanachoma sukari mpaka iwe nyekundu."

"Na iliki?"

"Wanayo. Iliki yao inaota milimani huko."

"Na tangawizi kidogo mwishoni?"

"Ni siri yao," nikasema, "lakini umeigundua."

Aliweka kipande chini, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sinia kubwa lililofunikwa kitambaa. Akaliweka mbele yangu, sawasawa, akaondoa kitambaa. Lilikuwa limejaa kashata za karanga, bado hazijakatwa, zinanukia iliki na tangawizi. Sikuwa nikijua. Mimi nilijua vitumbua vyake vya asubuhi. Sikujua kwamba jioni anapika kashata, na kwamba mabinti wa stendi wote wanachukua kwake.

"Wachina wangu hawa wako jikoni," alisema. "Niwaite?"

Kaka yake aliangalia sinia, akaangalia boksi, akaokota kashata nyingine ya kwenye boksi akaisogeza karibu na macho. "Hiki si kizibo cha soda?" aliuliza. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akainama, akacheka akaegemea ukuta, na hapo ndipo hatimaye alipovua sweta. Mshenga naye akacheka, kwa hofu. Mimi nilisema kwamba mshenga ndiye aliyekata. Nilisema hivyo kweli, mbele ya watu wote, na mkasi wake ukiwa umechungulia mfukoni.

Mama yule hakucheka. Alingoja kaka yake amalize. "Kaka, usiwajibu. Nitajibu mwenyewe."

Akanigeukia. "Mzee, mlikula ngapi?"

"Nne."

"Kwa njaa?"

"Kwa njaa. Tulikuwa tunakuja kula kwako, tukaambiana tusile."

"Na zilikuwa tamu?"

Hapo nilikuwa nimechoka. "Ya ufuta ilikuwa tamu. Ya choroko inashangaza. Ya yai ni kama mtu amekulisha sukari wakati unalia."

Nilimwona midomo ikitikisika. Lakini akaikaza. "Ungekuja na boksi lako lina mapengo," alisema, "ukaniambia hayo uliyoniambia sasa hivi, ningecheka mpaka kesho, na ningekukubali. Nilikuwa nimeshakubali. Kaka anajua, ndiyo maana alikuita shemeji. Lakini nilikuuliza mara moja, mara mbili, mara tatu, nikakufungulia mlango kila mara, na wewe ukawa unaufunga kwa iliki. Sitaki mwanamume nitakayekuwa namuuliza mara tatu. Mfuko wenu huo hapo. Chai mtakunywa kwanza."

Tulikunywa chai. Sikuwahi kunywa chai ndefu kama ile. Kaka yake alitusindikiza mpaka stendi, akiwa amebeba sweta mkononi, mpole sana. Tulipoagana alisema, "Haya, shemeji," akasita, akajipiga mdomo, akasema, "Haya, mzee mwenzangu." Kosta ya Handeni safari hii ilijaa upesi. Tulipokaribia kufika, mshenga alinigeukia.

"Mimi nilikuwa nataka kusema ukweli," alisema.

"Najua."

"Ulinitangulia."

"Najua, ndugu yangu."

Ninaandika haya kwa sababu watoto wangu wamesikia habari hii kwa watu wengine, na huko imeongezwa chumvi kuliko yale mayai. Wengine wanasema tuliziba boksi kwa matofali. Zilikuwa kashata, na zilikuwa nne.

Korogwe bado nakwenda. Binamu yangu amezeeka, safari hii anaumwa kweli magoti, na akija kliniki namsindikiza. Nikimwacha hapo nakwenda Masuguru, nakaa barazani kwa yule mama, nanunua vitumbua kama mteja mwingine. Mwanzoni aliniuliza kila mara, "Leo umekula ngapi njiani?" na wateja wote wakageuka. Nilijibu ninavyojua. Siku hizi haniulizi.

Mwezi uliopita, wateja walipopungua, nilimwambia jambo lile tena. Bila mshenga, bila mfuko. Alikuwa anageuza vitumbua, akaendelea kuvigeuza mpaka vyote vikageuka.

"Mwaka huu hapana," alisema.

Nilipomsimulia mshenga aliruka kitini. Alisema "mwaka huu" ni neno kubwa, kwamba mwanamke akikukataa anasema hapana akaishia hapo, na kwamba yeye kwa uzoefu wake anasikia ndani ya neno hilo ndoa nzima na mbuzi wawili. Nikamwambia anyamaze. Mama yule alisema mwaka huu hapana. Ndivyo alivyosema, na mimi siongezi kitu.